Leso ya Kasa

Bi Mwanasha amekufa, na mimi nimepewa leso yake. Ni hayo mawili yaliyonirudisha kwenye ule mwaka, na wala sikuwa na hamu ya kurudi. Siku ya tatu ya matanga wanawake wa Shika Adabu tulikuwa tumekaa chini ukumbini mwake, migongo ukutani, mabuibui yamelegezwa kwa joto. Khitma imekwisha kusomwa, masinia ya pilau yamepita na kurudi matupu, na mazungumzo yameshaacha kumtaja marehemu, yamehamia kwenye bei ya nazi na binti wa nani anaolewa. Bi Saumu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa waliobaki, akaniita. Nikaitika abee. Akatoa leso kwenye mfuko wa kitambaa, akaniwekea mapajani watu wote wakitazama. "Nguo zake tumezigawa," akasema. "Hii tumeona tukupe wewe, Rukia. Sasa nawe una leso." Nikasema ahsanteni. Sikuongeza neno, maana nyumba ilikuwa ya msiba na mimi nimelelewa. Lakini lile "sasa" lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Sasa! Nimeijua timu ya leso ile kabla sijajua kufunga mtandio, na bado mtu mzima ananiambia sasa.

Kwa asiyeijua, Kasa ni timu ya mpira ya huku kwetu Likoni. Uwanja wake uko nyuma ya nyumba za mwisho za Shika Adabu, mchanga mtupu na changarawe, hauna ukuta wala jukwaa, na mbuzi hupita katikati mechi ikiendelea na refa hasemi kitu. Nilipokuwa bado mwanafunzi, timu ilishushwa daraja na watu wakaikimbia. Waliobaki walikuwa wanaume wachache waliokalia matofali upande mmoja na wanawake wa mkeka upande wa pili. Wanawake hao wakafanya jambo ambalo hufanywa kwa arusi: wakapiga sare. Waliagiza leso za namna moja, kijani, pindo jekundu, katikati pamechorwa kasa, na jina lake lilikuwa maneno matatu tu: TUPO HAPA HAPA. Wakazivaa wiki baada ya wiki, timu ikifungwa. Nami nilipewa ya kwangu, msichana wa sekondari, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikianzisha wimbo. Mimi nasema "Kasa!" nao wanaitika "Yuwaja!", polepole, kwa kuvuta, kama kasa mwenyewe anavyojikokota mchangani. Nafasi yangu ilikuwa kwenye ncha ya mkeka, upande wa kibendera cha kona, ubavuni mwa Bi Mwanasha. Sikuwa na nafasi nyingine duniani ambayo mtu akiikalia huambiwa, "Ondoka hapo, pana mwenyewe."

Kabla ya mechi tulikula kwake. Nikiukumbuka ule ukumbi, naanza na ile harufu ya mbaazi zilizoiva kwa nazi, halafu moshi wa udi aliofukiza asubuhi, halafu jasho letu. Mahamri yalikuja katika ungo, yamefunikwa kitambaa, na sisi tulikaa kulizunguka bakuli moja, kila mtu anachovya upande wake. Hapo ndipo nilipojifunza mpira. Bi Mwanasha hakuwahi kupiga teke mpira maishani mwake lakini alimjua kila mchezaji kwa mwendo wa mama yake. "Yule hawezi kurudi nyuma kukaba," angesema huku akipuliza chai, "kwao ni watu wa kusonga mbele tu, hata kwenye madeni." Na Bi Saumu, aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote, angejibu, "Basi na kipa naye kwao ni watu wa kufungua milango." Tulicheka hadi mbaazi zikatupalia. Leo nikiyafikiria maneno yale naona hayakuwa na elimu yoyote ya mpira, na sijali. Tulikuwa tukizungumza juu ya kitu chetu.

Kisha nikaolewa, nikabeba mimba, na katikati ya msimu mbaya kuliko yote nikajifungua. Mume wangu alikuwa akifanya kazi hotelini Shanzu, ng'ambo ya kivuko na ng'ambo ya mji, akija siku yake ya mapumziko na kulala mchana kutwa. Arobaini yangu niliimaliza katika chumba cha uani: kitanda cha kamba, chetezo, mafuta ya nazi yenye karafuu, uji wa pilipili manga asubuhi na mchuzi wa kuku jioni, na bibi wa kukanda akinikamua tumbo kama anayefua blanketi. Dirisha la chumba kile lilitazama uwanja kwa nyuma. Siwezi kusema niliona mechi, maana sikuruhusiwa hata kusimama dirishani nisije nikapigwa na upepo. Lakini nilizisikia zote. Filimbi ya refa niliisikia, na wanawake wangu niliwasikia wakiitika wimbo bila mwanzishaji, kila mmoja akiingia kwa wakati wake. Bao likiingia kwetu kulikuwa na kimya, halafu sauti ya Bi Saumu peke yake ikimtukana mtu. Nilijua matokeo kabla hayajaletwa na mtu yeyote.

Ikawa ni masika, na mvua ile ya kunyesha wiki nzima bila kupumua. Mtoto akaanza kuharisha. Nguo zikaanikwa ukumbini, jikoni, juu ya mlango, na hazikukauka. Nepi zikaisha. Hospitali tulikwenda, dawa tukapewa, lakini dawa haimfuti mtoto. Nikafungua sanduku langu, nikatazama nilicho nacho. Leso za arusi zilikuwa mpya, ngumu kwa wanga, zingemchubua. Leso ya Kasa ilikuwa imefuliwa mara nyingi hata imekuwa laini kama ndani ya sikio. Nikaishika pindo kwa meno, nikaichana. Ilitoka vipande vizuri. Sikulia wala sikufikiria mara mbili. Nilikuwa na mtoto mchafu na nguo safi, na nilifanya anachofanya mtu mwenye akili. Alipopona, vipande vile vilikuwa vimekwisha kazi yake, nikavitupa.

Msimu ulipokwisha, kukatokea tajiri. Alikuwa mwenye kampuni ya mizigo huko Changamwe, kijana wa Likoni aliyefanikiwa, akaamua kuirudishia timu uhai. Wakaletwa wachezaji, ikaletwa jezi ya kung'aa, mabeki wakapewa viatu vinavyofanana. Kasa wakaanza kushinda, na walipoanza hawakuacha. Basi la kampuni likaja kila Jumamosi limejaa watu wa Changamwe, wengine wakavuka na feri kutoka mjini, vijana wa Magogoni wakaja na pikipiki zao na mavuvuzela. Ghafla pale palipokuwa na mbuzi pakawa na watu wa kuuza jezi. Naam, na wanawake wa mkeka wakaanza kununa. Arobaini ilikuwa imekwisha, na kwa udhaifu wa mtoto nilikuwa bado sijatoka nje vizuri, lakini walikuwa wakija kunijulia hali na kumtazama mtoto, na waliketi kwenye ukingo wa kitanda changu wakiwasema wageni bila kunificha neno.

"Watu wa biriani," alisema Bi Mwanasha, mtoto wangu akiwa amemlaza mapajani. "Kwenye akdi ya ndoa hawakuwepo, kuosha masinia hawatakuwepo. Biriani ikipakuliwa tu, washanawa mikono."

"Jana mmoja ameniuliza Kasa ni kabila gani," akasema Bi Saumu.

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia ni kabila la mumewe mamako."

Nilicheka nao. Tena nilicheka kwa moyo wote, nikaona wamesema haki. Nami pia nilikuwa nikiwadharau, watu waliokuja timu imeshapikwa. Haikunipitia akilini kwamba mtu anaweza kuhesabiwa nao kwa kuwa alilala arobaini mita chache kutoka langoni.

Siku niliyorudi uwanjani nilikuwa nimejipamba. Nilikuwa nimepaka hina, nimevaa dera jipya, mtoto nimemfunga mgongoni kwa leso ya arusi. Nikawaendea mkekani nikawaamkia mmoja mmoja, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba. Wote wamevaa kijani. Nikataka kuketi penye nafasi yangu. Bi Mwanasha akaweka kiganja pale chini, si kwa ukali, kama mtu anayezuia kikombe kisimwagike.

"Leso yako i wapi, mwanangu?"

"Niliichana nepi, Bi Mwanasha. Mtoto alikuwa mgonjwa, na mvua ile."

Akanitazama. Wakatazamana. Bi Saumu akasema, "Heh! Kasa amepakwa mavi," na wengine wakaficha midomo kwa mitandio.

"Tumekubaliana jambo," akasema Bi Mwanasha. "Watu wamekuwa wengi, kila mmoja ajifanya wa zamani. Mkeka huu ni wa wenye leso. Tukimwachia mmoja, kesho watakuja kumi na hadithi zao."

"Mimi si watu. Ni mimi Rukia."

"Wajua najua. Lakini ile nusu ya mwisho hukuwepo. Tulipokuwa tukizomewa hukuwepo. Na ile nguo uliifanya ya kufutia."

Nikasema nilikuwa nimezaa. Nilisema hivyo hivyo, kwa sauti ya juu, hata wanaume wa matofali wakageuka. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo linanichemsha mpaka leo. Upande wa matofali, kwenye kiti cha plastiki kilichowekwa mbele, alikuwa ameketi Ami Hamadi, kaka yake Bi Mwanasha. Ami Hamadi alikuwa amerudi kutoka Uarabuni majuma machache kabla. Miaka yote ya dhiki ya timu alikuwa huko akiendesha gari la Mwarabu. Hakuwahi kuona mechi hata moja ya msimu ule, wala ya ule uliotangulia. Kiti chake kiliwekwa pale kila Jumamosi, kitupu, mtu asikikalie, kwa sababu Hamadi alikuwa safarini kutafuta riziki. Aliporudi akapigiwa vigelegele, akakaa. Hakuna aliyemuuliza nguo. Nikamwonyesha Bi Mwanasha kwa kidole. Akasema, "Hamadi ni Hamadi," akageuza uso kuangalia uwanja. Mwanamume akienda mbali anawekewa kiti, na mwanamke akienda leba, nafasi yake imejaa. Sikuhitaji shule kulijua hilo, lakini pale ndipo nilipolijua kwa macho yangu.

Nikaondoka na mtoto wangu mgongoni, nikapita mbele ya watu wote hao nikitafuta pa kuweka mguu. Nyuma ya goli walikuwa wamekaa watu wa basi. Mwanamke mmoja wa bara, kijana kama mimi, alikuwa ametandaza mkeka wa plastiki na kijana wake mdogo analala juu yake. Alikuwa amevaa jezi iliyomzidi na kitambaa cha kijani kichwani.

"Siste, kuja ukae," akaniita. "Hii mkeka ni kubwa. Weka mtoto hapa na wa kwangu."

Nikaketi, nikamlaza mtoto kando ya wake. Akasema anaitwa Mama Brayo, mumewe ni dereva wa ile kampuni ya mizigo, alikuja mara ya kwanza kwa sababu nyumbani kulikuwa na joto, na sasa hawezi kukosa.

"Hao wamama wanakuangalia vibaya kwa nini?"

"Hawataki nikae nao."

"Kwani mkeka ni ya serikali?"

Mechi ikaanza, na ilikuwa mechi ngumu, na wale wageni walikuwa wakipiga kelele ovyo, mavuvuzela na filimbi, hakuna wimbo. Katikati ya kipindi cha pili tulikuwa sawa bila kwa bila na timu imechoka. Nikajisikia mwenyewe nikisema, kwa sauti yangu ile ya zamani, "Kasa!" Na kutoka ng'ambo ya uwanja, mkeka wa kijani ukaitika, wote pamoja, kwa kuvuta: "Yuwaja!" Waliitika kabla ya kujua ni nani. Niliwaona wakigeuza vichwa kutafuta sauti imetoka wapi, wakanikuta nyuma ya goli kati ya watu wa biriani. Nikarudia. Mara hii walinyamaza. Ni Mama Brayo aliyeitika, peke yake, kwa sauti mbaya sana, na baadaye wale wa basi wakafuata. Mechi ilipokwisha, tumeshinda moja bila, Bi Mwanasha alinipita njiani amebeba mkeka wake kichwani.

"Sauti yako nimeisikia," akasema. "Leso yako sijaiona."

Basi mwaka ule wote wa ushindi nilikaa na wageni, na sitawasifu kuliko ilivyo. Wengi walikuwa vile vile walivyosemwa. Timu ikitanguliwa bao waliangalia saa. Walimzomea kipa wetu wa miaka yote siku alipoteleza, nami nilisimama nikawaambia wafunge midomo, huyu alidaka hapa nyinyi mkiwa hamjui Likoni iko wapi. Nilipokuwa nikisema hayo nilisikia sauti ya Bi Mwanasha ikitoka kinywani mwangu, maneno yale yale, na hilo lilinikera zaidi. Mama Brayo alikuwa akiuliza maswali mengi, kwa nini hiyo si faulo, kasa anakula nini, yule mzee wa kiti cha plastiki ni mwenye timu? Nilimjibu. Wakati mwingine nilimjibu kwa ubaya. Hakuacha kuja. Nilimletea mahamri ya kwangu niliyokanda mwenyewe, mbaazi nimezitia katika mkebe, tukala pale pale mchangani, watoto wakijipaka usoni. Hayakuwa mahamri ya ule ukumbi. Siku ya kupokea kombe wageni waliingia uwanjani kama mafuriko, wakalishika na kupiga picha nalo hadi vishikio vikapauka kwa mikono yao, na wanawake wa mkeka wakakunja mkeka, wakaenda nyumbani kupika. Nilitamani kuwafuata. Sikuwafuata.

Ushindi haukudumu. Tajiri akahamishia moyo wake kwingine, wachezaji wakachukuliwa mmoja mmoja, Kasa wakashuka tena na tena mpaka wakarudi pale walipokuwa. Basi likakoma. Mavuvuzela yakanyamaza. Mbuzi wakarudi. Hapo wanawake wa mkeka walisema, "Si tuliwaambia?" na walikuwa na haki ya kusema. Ila hawakumhesabu mmoja. Mume wa Mama Brayo alihamishiwa kazi upande huu, wakapanga chumba nyuma ya goli lile lile, kamba ya nguo yake inaelekea uwanjani. Tangu hapo hajakosa Jumamosi. Amekuwepo tukifungwa, amekuwepo refa alipokimbizwa, amekuwepo siku tuliyocheza watu pungufu kwa sababu wengine walikuwa arusini. Na katika miaka yote hiyo, mkekani pale hakuna aliyemwamkia, wala aliyemuuliza jina la mtoto wake. Wanamwita "yule wa basi". Nami nilikaa naye, nyuma ya goli, na hata walipoanza kunisalimia vizuri tena sikurudi. Bi Mwanasha alinitumia futari kila Ramadhani. Sahani nilizirudisha na kitu ndani, kama inavyotakiwa. Kuhusu mkeka ule hatukusemezana tena mpaka alipokufa.

Nilipotoka matangani na ile leso, sikwenda kwangu. Nilikwenda kwa Mama Brayo, ambaye alikuwa amejifungua wiki ile, mtoto wa tatu. Alikuwa kitandani, chumba kinanuka maziwa na sabuni, na beseni la nguo mbichi mlangoni. Nikaifungua leso juu ya magoti. Ya Bi Mwanasha ilikuwa imefuliwa kuliko ilivyokuwa yangu, kijani kimekuwa kama maji, kasa ameanza kufutika miguu. Laini. Nikaliweka pindo menoni.

"Si hiyo ndiyo ile leso?" akauliza Mama Brayo.

"Ndiyo hiyo."

"Wewe! Watakuuliza."

"Nami ninalo la kuwajibu."

Nikaichana. Ilitoka nepi nzuri, na ncha zake nilizipinda kwa sindano nikiwa nimeketi pale pale, mpaka alaasiri.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na mechi ya nyumbani. Zile nepi zilikuwa kambani nyuma ya goli, zimefuliwa, zinapepea. Kipande kimoja kina kichwa cha kasa, kingine kimeandikwa TUPO, vingine vina pindo jekundu tu. Nilikuwa nimekaa chini yake na Mama Brayo, mtoto kifuani mwake. Nilimwona Bi Saumu kule mkekani akikodoa macho kipindi chote cha kwanza, haangalii mpira. Refa alipopiga filimbi ya mapumziko aliinuka, kwa shida, maana magoti hayamsaidii tena, akaukata uwanja katikati akaja mpaka kambani. Akakamata kile kipande cha TUPO, akakipapasa kwa vidole. Nilijiandaa. Maneno yangu yote ya miaka ile nilikuwa nayo mdomoni, yamepangwa.

Hakuniuliza habari ya leso. Akamtazama mtoto.

"Wa kike?"

"Wa kike," nikasema.

Kisha akamgeukia Mama Brayo, na hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyomsikia akisema naye.

"Mama, usizitie dawa ya kupausha. Rangi hii haivumilii."

"Sawa, mama," akasema Mama Brayo. "Nitatumia sabuni tu."

Bi Saumu akaiachia nepi, akarudi polepole alikotoka. Kipindi cha pili kikaanza. Tulikuwa tumeshafungwa mawili. Hakuna aliyeondoka.